Kinga ya Mtoto na Vijidudu vya Mazingira: Funzo la Karelia kwa Miji Inayokua

Katika miaka ya karibuni Finland imeanza kutumia fedha za umma kurudisha udongo wa msituni, nyasi na mimea ya porini katika viwanja vya vituo vya kulelea watoto. Mtu anaweza kudhani hatua hiyo ni ya kupendezesha mandhari, lakini imechukuliwa kwa sababu za afya: taifa hilo linataka watoto wake waguse vijidudu ambavyo maisha ya mjini yamewanyima. Kwa nchi za Afrika Mashariki, ambako serikali zingali zinahimiza vyoo bora, maji safi na kunawa mikono kwa sabuni, habari hiyo huweza kusikika kama kinyume cha kila ambacho wananchi wamekuwa wakielezwa. Si kinyume. Hata hivyo, ili kuelewa kwa nini si kinyume ni lazima hoja yenyewe ifuatiliwe tangu mwanzo wake, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka 30 imekuwa ikisimuliwa kwa namna inayopotosha.

Mwanzo huo ni mwaka 1989, pale mtaalamu wa magonjwa ya jamii wa Uingereza, David Strachan, alipochapisha katika jarida la madaktari la nchi hiyo uchambuzi wa taarifa za watoto 17,414 waliozaliwa katika wiki moja ya Machi 1958. Aliona kwamba mafua ya mzio yalipungua kadiri mtoto alivyokuwa na ndugu wengi waliomtangulia. Alipendekeza kuwa huenda maambukizi ya utotoni, yanayoletwa nyumbani na kaka na dada wakubwa, yanamkinga mdogo dhidi ya mzio. Magazeti yaliichukua kauli hiyo na kuifupisha: usafi umezidi, watoto wanahitaji uchafu. Ufupisho huo ndio chanzo cha mkanganyiko uliopo hadi leo. Mwaka 2003 mwanasayansi Graham Rook, naye wa Uingereza, alipendekeza sura nyingine ya hoja hiyo. Alieleza kuwa kinachohitajika si magonjwa ya watoto kama surua. Kinachohitajika ni vijidudu vilivyoishi na binadamu tangu enzi za kale, vya udongoni, vya mimea, vya wanyama na vya matumboni mwa watu, ambavyo mwili umezoea kuishi navyo bila kupigana navyo.

Ushahidi wenye uzito mkubwa ulipatikana mpakani mwa Finland na Urusi. Eneo la Karelia liligawanywa kutokana na vita vya 1939 hadi 1944, na mji wa Pitkäranta, ulio kando ya Ziwa Ladoga, ukawa sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Misitu, maziwa na majira ya baridi vilibaki vilevile pande zote mbili, lakini maisha yakaachana. Upande wa Finland uliingia katika nyumba za kisasa, vyakula vya viwandani na kazi za mjini. Upande wa pili familia ziliendelea kulima bustani zao, kufuga na kuishi karibu na udongo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wakiongozwa na Profesa Tari Haahtela wa Helsinki walilinganisha wakazi wa pande hizo. Mzio wa chavua, pumu na ukurutu vilikuwa vya kawaida zaidi kwa watoto wa Finland, na kwa wenzao wa Pitkäranta vilikuwa nadra, ingawa miti inayomwaga chavua hiyo ni ileile.

Pengo hilo halikuishia kwenye mzio. Finland ndiyo nchi yenye kiwango kikubwa kuliko zote duniani cha kisukari cha aina ya kwanza kwa watoto, ugonjwa ambao mfumo wa kinga hushambulia na kuua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Upande wa Karelia ya Urusi kiwango chake kilikuwa chini kwa takriban mara sita. Utafiti mwingine, uliofuatilia watoto 222 wa Finland, Estonia na Karelia ya Urusi tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka mitatu na kuchapishwa mwaka 2016, ulichunguza bakteria wa matumbo yao. Wote walikuwa na bakteria wenye endotoksini, yaani kemikali iliyo katika kuta za baadhi ya bakteria ambayo seli za kinga huitambua haraka. Tofauti ilikuwa katika aina. Endotoksini iliyotawala kwa watoto wa Urusi ilizishtua seli za kinga na kuzifundisha. Iliyotawala kwa watoto wa Finland na Estonia ilikuwa bubu, tena ilizuia ile nyingine isisikike.

Hapa panafaa kusimama kidogo, kwa sababu ndipo palipo kiini cha suala zima. Mtoto huzaliwa akiwa na seli za kinga, lakini seli hizo hazina uzoefu. Katika miezi na miaka ya mwanzo hukutana na maziwa ya mama, vumbi, chavua, chakula, ngozi za watu na wanyama, na hujifunza mambo mawili kwa pamoja: nini cha kupigana nacho na nini cha kuacha kipite. Somo la pili ndilo gumu zaidi. Husimamiwa na seli maalumu za udhibiti ambazo, zikishakomaa, hutuliza seli nyingine kwa kutoa kemikali kama interleukini-10. Vijidudu vingi visivyo na madhara ndivyo vinavyozilea seli hizo. Pale vinapokosekana, mwili hubaki na askari wenye silaha lakini wasio na makamanda wa kuwazuia, na chavua ya mti au chembe ya chakula huweza kupokelewa kama adui.

Somo hilo lina muda wake. Jaribio lililochapishwa mwaka 2012 lilitumia panya waliolelewa bila kijidudu chochote. Panya hao walirundika aina fulani ya seli za kinga mapafuni na katika utumbo, wakawa wepesi kupata pumu na vidonda vya utumbo. Walipopewa bakteria wa kawaida wakiwa wachanga, hali hiyo ilizuiwa. Walipopewa wakiwa wakubwa, haikusaidia. Binadamu si panya, na hakuna siku maalumu ambayo mlango wa mtoto hufungwa, lakini tafiti nyingi za watoto zinaelekea upande huohuo: ujauzito, unyonyeshaji na miaka michache ya mwanzo vina uzito usiolingana na wa miaka inayofuata.

Mfano mwingine unaostahili kutajwa ni wa Marekani, kwa kuwa unaondoa shaka ambayo Karelia inaiacha. Jamii za Amish wa Indiana na Hutterite wa South Dakota zina asili ya karibu, zote ni za wakulima, zote huwa na familia kubwa na hunywa maziwa ya shambani. Amish hulima kwa farasi, na mabanda ya mifugo yako hatua chache kutoka nyumbani. Hutterite hutumia mitambo katika mashamba makubwa ya pamoja yaliyo mbali na makazi. Utafiti wa mwaka 2016 ulionesha pumu kwa asilimia 5 ya watoto wa Amish na asilimia 21 ya wale wa Hutterite. Vumbi la nyumba za Amish lilikuwa na endotoksini karibu mara saba zaidi, na lilipopuliziwa panya liliwakinga dhidi ya pumu, ilhali la Hutterite halikuwakinga. Kwa maneno mengine, kuishi shambani peke yake hakutoshi. Mtoto anapaswa kufikiwa na vijidudu vya shambani.

Finland ilichukua matokeo ya aina hii na kuyageuza kuwa sera, jambo ambalo nchi chache zimefanya. Mpango wake wa taifa wa mzio wa mwaka 2008 hadi 2018 uliacha mafundisho ya zamani ya kuwaepusha watoto na kila kitu kinachoshukiwa, ukahimiza ustahimilivu: kula vyakula mbalimbali, kucheza nje, kugusa mazingira, kuacha sigara nyumbani, na kuhifadhi makatazo makali kwa wachache wenye mzio mzito. Katika kipindi hicho gharama za mzio na pumu kwa taifa zilishuka kwa takriban asilimia 30, na watoto waliokuwa wakipewa milo maalumu shuleni na katika vituo vya malezi kwa sababu ya mzio walipungua karibu nusu. Si haki kuyahesabu mafanikio hayo yote kuwa ya udongo. Sehemu kubwa ilitokana na madaktari kuacha kuwaandikia watoto makatazo yasiyo ya lazima. Lakini mpango huo ulifungua njia ya swali la pili, la iwapo vijidudu vilivyopotea vinaweza kurudishwa kwa makusudi.

Jibu la kwanza lilitolewa mwaka 2020. Watafiti walichagua vituo kumi vya kulelea watoto katika miji ya Lahti na Tampere, vyenye jumla ya watoto 75 wa umri wa miaka mitatu hadi mitano. Katika vinne kati ya vituo hivyo, viwanja vilivyokuwa vya changarawe vilitandikwa udongo wa msituni pamoja na mimea yake na mabonge ya nyasi, yakawekwa na masanduku ya kupandia mboga na maua. Watoto walicheza humo kwa siku 28. Mwisho wa muda huo bakteria wa ngozi zao walikuwa wa aina nyingi zaidi, na damu yao ilionesha kuongezeka kwa viashiria vya seli za udhibiti. Jaribio lililofuata, la mwaka 2022, lilitumia mchanga wa kuchezea: watoto 26, kundi moja likipewa mchanga uliochanganywa na udongo wenye vijidudu vingi na jingine mchanga unaofanana nao kwa macho lakini usio na utajiri huo. Ndani ya wiki mbili damu ya kundi la kwanza ilikuwa na interleukini-10 zaidi.

Idadi hizo ni ndogo, na kilichopimwa ni viashiria vya damu, si ugonjwa. Mwananchi anayesoma kwamba Finland imethibitisha udongo unazuia pumu anasoma zaidi ya kilichothibitishwa. Kilichooneshwa ni kwamba mfumo wa kinga wa mtoto wa mjini hujibu haraka, kwa wiki tu, mazingira yake yanapobadilishwa.

Kwa Tanzania suala hili si la mbali. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na asilimia 34.9 kati yao walikuwa wakiishi mijini, kutoka chini ya asilimia 30 mwaka 2012. Watoto wengi zaidi wanalelewa katika nyumba za kupanga zenye ua wa saruji, na katika vituo vya kulelea watoto mchana ambavyo uwanja wake, panapokuwa na uwanja, umewekwa vigae ili usafishike kwa urahisi. Hilo ndilo badiliko lililowahi kutokea upande wa magharibi wa mpaka wa Karelia, isipokuwa kwamba hapa linakwenda kwa kasi zaidi na kabla ya maradhi ya uchafu kumalizika.

Dalili za badiliko hilo zimeshapimwa Kilimanjaro. Utafiti wa wanasayansi wa Moshi na wenzao wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2021, ulilinganisha watu wazima 323 wenye afya njema wa mjini na vijijini. Seli za kinga za wakazi wa mjini zilionesha mchochota zaidi, yaani ile hali ya mwili kuwaka kana kwamba unapambana na jeraha au ugonjwa, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilielezwa na chakula. Mwaka 2025 timu hiyo ilitoa matokeo ya jaribio la wanaume 77. Waliotoka kijijini wakapewa chakula cha kisasa cha mjini kwa wiki mbili walipata ongezeko la viashiria vya mchochota, na seli zao zikawa dhaifu zaidi katika kujibu vimelea. Wa mjini waliopewa chakula cha asili chenye mboga za majani, jamii ya kunde na vyakula vilivyochachushwa walielekea upande wa pili, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja, nalo likapata mabadiliko ya kupunguza mchochota. Mbege ni kilevi na si kinywaji cha mtoto. Umuhimu wake katika utafiti huo ni kwamba chakula nacho ni njia ya vijidudu na lishe yao kuingia mwilini.

Uganda imetoa funzo gumu zaidi. Mjini Entebbe wajawazito 2,507 waligawanywa kwa bahati nasibu kupewa dawa za minyoo au dawa bandia. Watoto wa waliopewa albendazole walipata ukurutu zaidi katika utoto wao kuliko wa kundi jingine. Matokeo hayo yangeweza kutumiwa na wenye haraka kudai kuwa kingatiba ya minyoo ina madhara. Lakini katika visiwa vya Koome ndani ya Ziwa Victoria, jaribio jingine lilitoa dawa za minyoo kwa wingi kwa jamii za wavuvi kwa miaka mitatu, na mzio haukuongezeka ukilinganishwa na jamii zilizopata tiba ya kawaida. Minyoo na kichocho huleta upungufu wa damu, hudumaza na huharibu ini na kibofu. Hakuna hesabu ya afya ya umma inayoweza kubadilisha madhara hayo kwa nafuu ya ukurutu.

Wala vijidudu vyote havifundishi. Vingine huvuruga hata kile ambacho mtoto angejifunza. Chanjo ya matone dhidi ya virusi vya rota, vinavyosababisha kuhara kukali, ilipojaribiwa barani Afrika na matokeo yake kutangazwa mwaka 2010, ilizuia ugonjwa mkali kwa asilimia 76.9 Afrika Kusini na asilimia 49.4 tu nchini Malawi. Miongoni mwa sababu zinazotajwa na wataalamu ni utumbo wa mtoto kuwa katika mchochota wa kudumu kutokana na vimelea vya kinyesi anavyomeza kila siku kutoka katika maji, mikono na sakafu. Nchini Ethiopia uchambuzi wa mwaka 2016 ulionesha kuwa familia zenye kuku zilikuwa na watoto warefu zaidi kwa umri wao, pengine kwa sababu ya mayai na kipato, lakini faida hiyo ilipungua pale kuku walipolala ndani ya nyumba ya familia. Kuku ni walewale. Tofauti ni ukuta kati ya banda na kitanda cha mtoto.

Mpaka wa kisera, basi, haupiti kati ya usafi na uchafu. Unapita kati ya vijidudu vya kinyesi, vinavyoingia kwa maji na chakula, na vijidudu vya udongo, majani na wanyama wenye afya, vinavyoingia kwa ngozi na hewa. Kampeni kama Nyumba ni Choo inashughulikia kundi la kwanza na haina sababu ya kupunguza kasi. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano nchini vimeshuka kutoka 67 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 43 katika ule wa mwaka 2022, na duniani kuhara bado kunaua zaidi ya watoto 400,000 wa umri huo kila mwaka. Hata Karelia ina onyo lake: watafiti walikuta maji ya kunywa ya shule za upande wa Urusi yana vijidudu vingi zaidi, na wingi huo uliambatana na mzio mdogo, lakini Finland haikulegeza viwango vya maji yake. Ilikwenda kutafuta vijidudu msituni.

Kundi la pili ndilo ambalo mipango ya miji na ya malezi bado haijalitamka waziwazi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imejengwa juu ya afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi. Uwanja wa mchezo unagusa angalau matatu kati ya hayo, lakini kwa kawaida hujadiliwa kama suala la usalama na nafasi tu, si kama sehemu ambamo kinga ya mtoto inajengwa. Kituo chenye mita chache za udongo ulio hai, mti wa kivuli na kitalu cha mchicha kinaweza kuwa kimefanya zaidi kuliko kilichotumia fedha nyingi kwa vigae. Gharama yake ni ndogo. Kinachohitaji umakini ni mahali: udongo huo uwe mbali na shimo la choo na mtaro wa maji machafu, usiwe njia ya mbwa, paka wala kuku wanaoacha kinyesi, na usitoke katika gereji ya zamani au eneo lililowahi kutupwa betri, kwa kuwa risasi iliyomo udongoni haina kijidudu cha kuifidia.

Kwa mzazi, mengi ya yanayopendekezwa tayari yamo katika ushauri unaotolewa kliniki. Maziwa ya mama pekee kwa miezi sita hubeba kingamwili pamoja na sukari maalumu ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Ni chakula cha bakteria wema wa utumbo wake. Chanjo zikamilishwe kwa ratiba, kwani hakuna udongo unaofundisha mwili kuitambua surua au polio. Dawa za kuua bakteria zitolewe kwa mtoto pale tu mhudumu wa afya anapoziandika, maana hufagia vilivyo vyema pamoja na vibaya, na mafua ya kawaida hayatibiwi nazo. Mtoto aliyekuwa akichimba bustanini anawe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni; hahitaji kusuguliwa kwa dawa ya kuua vijidudu kila anapogusa jani. Na aliyekwisha kuwa na pumu aendelee na dawa zake kama alivyoelekezwa, kwa kuwa tafiti zote zilizotajwa hapa zinahusu namna kinga inavyojengwa, na hakuna hata moja iliyopima udongo kama tiba ya mgonjwa.